Nadhiri ya Namkunda Mlangoni pa Lifti

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana lifti zilikuwa zimeshafika na kila mtu alikuwa na simu mkononi, paliondokea mke na mume huko Mamba, juu katika milima ya Upare. Mke aliitwa Namkunda, mume aliitwa Eliakimu. Kazi yao ilikuwa kulima tangawizi. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, wa kiume, naye aliitwa Mbonea, jina la marehemu babu yake mzaa baba.

Huyo Mbonea alikuwa hajatimiza miaka miwili, lakini miguu yake ilikuwa imeutangulia umri wake. Ukimweka hapa, unamwokota kule. Ukifunga mlango, anatafuta dirisha. Na neno alilolijua kuliko yote lilikuwa moja: "Twende!" Akiona kuku, twende. Akiona pikipiki, twende. Akiona jeneza linapita njiani, twende.

Basi mwaka ule tangawizi ilikubali kweli. Eliakimu akamwambia mkewe, "Mama Mbonea, tangu tuoane hatujawahi kwenda mahali bila kupeleka mzigo wala kumfuata mgonjwa. Safari hii twende Dar es Salaam kutembea tu. Tule, tulale, tuione bahari, turudi."

Namkunda akafurahi. Na alikuwa na sababu yake ya kufurahi ambayo hakumwambia mtu. Alikuwa mjamzito. Mimba ilikuwa changa, hata tumbo halijajitokeza, naye alisema moyoni, "Nitamwambia siku tutakayokanyaga maji ya bahari. Nataka nimwone uso wake pale."

Mama yake Eliakimu, Bibi Nakijwa, aliposikia habari za bahari, akafunga khanga zake mbili kwenye furushi, akakaa mlangoni. Hakuomba kwenda. Alikaa tu. Wakaelewa, wakamchukua.

Wakafika Dar es Salaam, wakapanga katika hoteli moja ya Kariakoo, ghorofa saba kwenda juu. Wao walipewa vyumba ghorofa ya nne. Bibi Nakijwa alipoonyeshwa lifti alirudi nyuma hatua.

"Hili sanduku linakwenda wapi?"

"Juu, mama," Eliakimu akasema. "Unasimama tu, linakupeleka."

"Na likikataa kufunguka?"

"Halikatai, mama."

"Aliyekuambia halikatai ni nani? Wewe umefika leo."

Akapanda ngazi kwa miguu, akipumzika kila ghorofa. Lakini Mbonea! Mbonea aliipenda lifti kuliko maziwa. Mlango ulipofunguka wenyewe alipiga makofi. Ulipojifunga alipiga makofi. Usiku alilala akiwa ameelekeza kidole mlangoni, "Twende."

Asubuhi yake ndiyo ilikuwa ya bahari. Walivaa, wakatoka chumbani, wakasimama mbele ya lifti. Bibi Nakijwa amemshika Mbonea mkono. Eliakimu akakumbuka kofia, akarudi chumbani. Namkunda akainama kufunga mkanda wa kiatu chake. Ni kuinama tu, wala si zaidi.

Lifti ikafunguka. Hakuna aliyebonyeza kitufe pale ghorofa ya nne; ilikuwa na ubovu wake wa kusimama popote, ikafunguka tu, ikiwa tupu, taa inawaka ndani. Bibi Nakijwa akashtuka akarudi nyuma. Mbonea akaenda mbele. Vile vidole vidogo vikateleza mkononi mwa bibi yake kama samaki.

"Twende!" mtoto akasema.

Mlango ukajifunga.

Namkunda aliinua kichwa akaona mlango wa chuma, na kwenye mlango akaona sura yake mwenyewe, basi. Kwanza hakuelewa. Alimtazama mama mkwe, akautazama mkono wa mama mkwe. Mkono ulikuwa bado umenyooshwa, umekunja vidole, haukushika kitu.

"Mtoto yuko wapi?"

Bibi Nakijwa akauelekeza ule mkono kwenye mlango wa lifti.

Namkunda akakirukia kitufe. Akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Juu ya mlango namba zikawa zinabadilika: tano, sita, saba. Pale saba ikasimama kidogo. Kisha ikaanza kurudi. Sita. Namkunda akasema, "Anarudi, anarudi, mwanangu anarudi." Akapanua mikono tayari kumpokea.

Umeme ukakatika.

Namba ikazimika. Taa za ukumbini zikazimika. Feni zikaacha kuzunguka, na jengo zima likanyamaza kimya ambacho Namkunda aliapa baadaye kwamba alikisikia kwenye meno. Halafu huko nje barabarani, jenereta za maduka zikaanza kuwashwa, moja, mbili, kumi, mtaa mzima ukanguruma. Ya hoteli peke yake ndiyo iliyogoma.

Namkunda akapiga ukelele. Watu wakatoka vyumbani, wengine na taulo, wengine na mswaki mdomoni. Eliakimu akatoka na kofia mkononi. "Kuna nini? Kuna nini?"

"Mbonea yuko ndani ya lifti! Peke yake! Gizani!"

Kofia ikaanguka.

Na hapo ndipo Namkunda alipoyasema maneno ambayo ndiyo chanzo cha hadithi hii. Hakuyapanga. Hakuyapima. Alipiga magoti mbele ya ule mlango wa chuma, akaweka mkono tumboni, akasema kwa sauti iliyosikika hadi ghorofa ya chini:

"Atakayenirudishia mwanangu mzima, huyu niliye naye tumboni nitamwita jina lake! Mungu ni shahidi! Nyote ni mashahidi! Nitamwita jina lake!"

Eliakimu alisimama kama aliyepigwa kofi kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Akauliza polepole, "Uliye naye tumboni?"

Ndivyo Eliakimu alivyopata habari za mtoto wake wa pili.

Watu walitambua kwamba lifti imekwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Wote wakapanda mbio. Walinzi wakaleta nondo, wakaanza kuuchokonoa mlango wa ghorofa ya tano. Huyu anasema vuta, yule anasema sukuma. Namkunda amelaza shavu kwenye chuma anaita, "Mbonea! Mama yuko hapa! Usilie, mama yuko hapa!" Na kilichomtisha kuliko yote ni kwamba huko ndani hakuna aliyelia.

Katikati ya kelele hizo mtu mmoja mnene akatokea kwenye ngazi, anatokea chini. Jasho linamtiririka, kifua kinapanda na kushuka, midomo imegeuka rangi. Akamshika Namkunda bega. "Mama... mu... mutoto... yulu..." Pumzi ikamkatikia. Akaelekeza kidole juu.

Namkunda akautupa ule mkono. "Niache! Mwanangu yuko humu!"

"Bwana, subiri pembeni, kuna mtoto kwenye lifti," mlinzi akamwambia, akamsukuma kando.

Yule mtu akawatazama wote, akatikisa kichwa, akashika ukuta, akaendelea kupanda. Hakuna aliyemfuata. Hakuna aliyemjali.

Nondo ikakubali. Mlango ukafunguka upenyo, wakamulika kwa simu. Sakafu ya lifti ilikuwa usawa wa vifua vyao. Wakaona kiatu kimoja kidogo cha bluu.

Kiatu tu.

Mlinzi akamulika kona hii. Akamulika kona ile. Lifti ilikuwa tupu. Mmoja wa wanaume akainamisha tochi kwenye lile shimo jeusi lililo chini ya lifti, kisha akaiondoa upesi, kwa sababu mama wa mtoto alikuwa anatazama.

Namkunda hakulia. Alihisi mwili wake umekuwa wa mtu mwingine, mbali. Na katika ule umbali akauona tena ule mkono mnene, ule alioutupa kutoka begani mwake, na kile kidole kilichoelekezwa juu. *Mutoto. Yulu.*

"Juu!" akasema. "Alisema juu!"

Akakimbia. Eliakimu nyuma yake. Kufika kwenye ngazi za ghorofa ya sita, akamkuta yule mtu mnene ameanguka chali, macho nusu wazi, mdomo una damu alipojigonga. Kidole chake bado kilikuwa kinaonyesha juu. Namkunda akamruka. Mnisikie vizuri: alimruka mtu aliyelala kama maiti, kama anavyoruka mfereji wa shambani kwake, wala hakugeuka.

Kwanza niwaambie kilichokuwa kimetokea, maana Namkunda mwenyewe alikuja kukijua baadaye.

Aliyeiita lifti ile kwenda ghorofa ya saba alikuwa fundi wa bomba, jina lake Pazi, aliyekuwa akibadilisha tangi la maji juu ya paa. Alibonyeza kitufe ili apakie vyuma chakavu, kisha akakumbuka kwamba hajafunga koki ya ghorofa ya sita, akashuka kwa ngazi kuifunga. Mlango wa kwendea paani aliuacha wazi, ameuwekea ndoo usijifunge. Na ukingo wa paa, upande wa barabarani, alikuwa ameuvunja kipande ili tangi jipya lipite. Lifti ikafika juu, ikafunguka. Mbonea akatoka, kiatu kimoja kikabaki. Akaona ngazi chache, akazitambaa. Akaona ndoo, akaipita. Akaona mwanga, akaufuata. Lifti ikaitwa na mama yake, ikashuka tupu.

Upande wa pili wa barabara palikuwa na jengo la kupangisha, na katika baraza la ghorofa ya sita ya jengo hilo mama mmoja aitwaye Mwanamvua alikuwa anaanika khanga. Ndani, mafuta ya maandazi yalikuwa yanachemka jikoni. Akainua macho, akamwona mtoto mdogo, mguu mmoja na kiatu, mguu mmoja bila kiatu, anatoka kwenye tundu la ukingo na kukanyaga ule ubao wa zege uliotokeza nje, usio na kizuizi chochote.

Mwanamvua akapiga kelele. Jenereta zikaimeza sauti yake. Akapiga tena. Mtoto akapiga hatua moja. Basi Mwanamvua akafanya jambo la ajabu. Akaipunga khanga yake nyekundu, akaanza kucheza. Akayumba, akazunguka, akaificha sura nyuma ya khanga, akaifunua. Mtoto akasimama. Akaketi kitako, miguu inaning'inia juu ya Kariakoo yote, akamtazama. Mwanamvua alipoacha kucheza ili akimbilie simu, mtoto alitaka kuinuka. Akarudi upesi, akacheza. Akaacha, mtoto akainuka. Akacheza, mtoto akakaa. Akaelewa kwamba hana ruhusa ya kuacha.

Nyuma yake akasikia harufu ya mafuta yanaungua. Akajua. Akasikia pazia linashika moto. Akajua. Mwishoni mwa juma hilo binti yake alikuwa anaolewa, na nguo za harusi zilikuwa zimetundikwa kwenye mlango wa jiko. Akajua hilo pia. Akaendelea kucheza, machozi yanamtoka, akimtolea mtoto ulimi, akimchekesha.

Watu wa barabarani walimwona. Wakacheka. "Mama wa harusi kachanganyikiwa na furaha!" Wengine wakamrekodi. Mmoja tu hakucheka, mfanyabiashara kutoka Lubumbashi, Bwana Ilunga, aliyekuja kununua mali. Yeye alijiuliza, huyu mama anacheza, mbona analia? Halafu akafuata macho yake yanakotazama. Akamwona mtoto. Bwana Ilunga alikuwa na ugonjwa wa moyo, daktari alishamkataza ngazi. Akazipanda.

Huyo ndiye mtu aliyesukumwa. Alipofika ghorofa ya sita alimkuta fundi Pazi amepiga magoti kwenye koki. Akasema neno moja, "Mutoto," akaonyesha juu, akaanguka. Pazi akaikumbuka ndoo yake, akakimbilia paani.

Sasa turudi kwa Namkunda. Alifika kwenye mlango wa paa akaipiga teke ndoo. Jua likamchoma macho. Akaona kwanza moshi mweusi unafuka kutoka dirisha la ng'ambo. Akaona mwanamke mbele ya moshi anacheza. Kisha akaona nyayo za viatu vya fundi, amelala kifudifudi, anatambaa kama mjusi kwenye ule ubao wa zege, na vipande vya zege vinamong'onyoka chini ya tumbo lake vinaangukia barabarani. Na mbele ya fundi akauona mgongo mdogo anaoujua.

Akavuta pumzi ili aite.

Fundi hakugeuka. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, usimwite. Akikusikia atageuka."

Namkunda akaikunja ncha ya khanga akaisokomeza mdomoni mwake, akaiuma. Eliakimu akaja nyuma yake, akamshika kiuno, wakasimama hivyo, wawili, hawapumui.

Ng'ambo, Mwanamvua alimwona fundi. Akaitupa khanga begani, akainua mikono yote miwili, akapiga makofi makubwa. Mbonea akacheka. Akainua mikono yake yote miwili apige makofi. Na hapo fundi Pazi akamdaka kwa mpira wa kaptula.

Mtoto alipofikishwa mikononi mwa mama yake alitazama huku na huku, akaelekeza kidole ng'ambo kwenye moshi, akasema, "Twende!"

Namkunda akaanguka magoti. Alipojaribu kulitaja jina la mwanawe alisikia sauti ya mbuzi inatoka kooni mwake.

Siku ile bahari hawakuiona. Walikaa mapokezi siku hiyo na ya pili yake, Mbonea amefungwa mgongoni kwa khanga mbili badala ya moja. Bwana Ilunga alipelekwa hospitali, akazinduka, akarudi siku ya pili anaegemea fimbo. Majirani walikuwa wamezima moto wa Mwanamvua, lakini jiko lilikwisha, na nguo za harusi zilikwisha, naye alikuja na nywele zinanuka moshi amtazame tu mtoto kwa karibu. Fundi Pazi alikuja pia, amesimama karibu na mlango, kofia mkononi, anasema, "Mlango niliuacha mimi. Mnisamehe. Mlango niliuacha mimi." Aliyarudia hayo mpaka Eliakimu akamwambia, "Basi, kaka. Keti."

Bwana Ilunga ndiye aliyeanza. Alisema kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, "Mama, batu baliniambia ile maneno yako ya pale ku lifti. Miye sikuyasikia, nilikuwa chini. Lakini nayauliza. Miye sina mutoto. Mungu hakunipa. Nikifa, Ilunga anakufa. Kama kule milimani kwenu kutakuwa mutoto mmoja anaitwa Ilunga, hata wa kike, kwetu jina ile ni ya wote, basi miye nitakuwa nimebaki."

Namkunda alimtazama yule mtu ambaye aliutupa mkono wake kisha akamruka, uso ukamwaka kwa aibu.

Mwanamvua akakohoa. "Kaka yangu, pole sana na kifua chako. Lakini tuseme kweli. Wewe ulipanda ngazi, wakati huo mtoto ameshikwa na nani? Mikono yangu haikumfikia, lakini nilimshika. Ningegeuka nyuma mara moja, mara moja tu, nikazime moto wangu, ungempandia nani ngazi? Binti yangu ataolewa na nguo ya kuazima. Sikudai nguo, mwanangu," akamgeukia Namkunda, "wala jiko sikudai. Lakini uliapa kwa Mungu. Mimi sina la kukudai ila hilo uliloapa."

Wote wakamtazama fundi. Fundi akatazama viatu vyake. "Mimi sidai kitu," akasema, akaondoka.

Hapo ndipo Bibi Nakijwa aliposema. Tangu mtoto apotee alikuwa hajasema hata neno moja, hata kula alikataa.

"Mama Mbonea," akamwita mkwewe. "Mtoto wa kwanza alipewa jina la mume wangu. Wa pili, akiwa wa kike, ni jina langu. Ndivyo tulivyowafanyia waliotutangulia, ndivyo nami nilivyosubiri. Nisingeyasema haya leo, maana mkono uliomwachia mtoto ni huu hapa." Akaunyoosha mkono mbele yao. "Lakini ukinipita, Mamba yote watauliza, mbona Nakijwa karukwa? Watajibiwa, kwa sababu alimpoteza mjukuu. Na watoto wa watoto wataambiwa hivyo hivyo. Unipe adhabu nyingine, mwanangu. Hiyo usinipe."

Eliakimu akasimama katikati. "Jamani, yale yalikuwa maneno ya mtu aliyechanganyikiwa! Tena aliapa peke yake. Huyo mtoto ni wangu pia, mimi nilikuwa hata sijui kama yupo! Kiapo ambacho sikukiapa kinanifungaje?"

"Nadhiri ya mama," Mwanamvua akasema taratibu, "humwombi mtu ruhusa uitamke. Na wewe baba, ulipomwona mtoto pale ukingoni, uliikataa?"

Eliakimu akaketi.

Wakarudi Mamba. Tumbo likakua. Namkunda akawa halali vizuri. Akifumba macho anaona kiatu cha bluu. Akiwaza nadhiri, anahesabu watu na kukwama. Kila alipoomba ushauri, alishauriwa vingine. Dada yake alimwambia, "Omba tu azaliwe wa kiume, bibi atakuwa hana neno." Basi akaomba.

Akazaliwa wa kike.

Habari zikasambaa, simu zikaanza. Bwana Ilunga alipiga kutoka Lubumbashi, hakuuliza jina, aliuliza tu kama mtoto ananyonya vizuri. Mwanamvua alituma khanga nyekundu, ile ile, pindo lake limeungua. Na siku iliyofuata ikaja simu kutoka kwa mtu ambaye Namkunda hakumtegemea. Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Mimi ni mke wa fundi Pazi," akasema. "Yeye hajui kama nakupigia. Dada, mume wangu alifukuzwa kazi siku ile ile. Hakuna anayempa kazi tena. Video ilisambaa, kila anapopita wanasema, ndiye huyo aliyeacha mlango wazi. Watoto wetu wanazomewa shuleni. Hakuna video hata moja inayomwonyesha anatambaa, maana wote walikuwa wanamrekodi yule mama anayecheza. Mwanangu wa kike anaulizwa, wewe binti Pazi yupi? Yule mzembe? Lakini kama yupo mtoto mahali, ambaye mama yake mwenyewe kamwita Pazi, nani atasema tena? Yeye alisema hadai. Mimi ndiye ninayedai."

Namkunda akaiweka simu chini, akaanza kuhesabu upya.

Sabato ya kumleta mtoto kanisani ikafika. Waumini wamejaa. Bibi Nakijwa amekaa benchi la mbele, amevaa gauni jipya, mikono ameificha chini ya khanga. Eliakimu amembeba Mbonea, amemshika kwa mikono miwili, maana hadi leo hamshiki kwa mmoja. Mchungaji akamchukua yule mtoto mchanga, akamwinua watu wamwone, akamgeukia mama.

"Mama, mtoto huyu anaitwa nani?"

Namkunda akafungua mdomo. Akamwona mwanamke anayecheza mbele ya moto wake mwenyewe. Akamwona mtu amelala kwenye ngazi, kidole juu, naye anamruka. Akaziona nyayo za viatu juu ya zege linalomong'onyoka, za mtu yule yule aliyeuvunja ukingo na kuuacha mlango wazi. Akamwona mama mkwe wake, kichwa chini, anasubiri. Kanisa zima likangoja.

Mimi nakomea hapo hapo, mdomo wa Namkunda ukiwa wazi. Msinitazame mimi, tazamaneni ninyi. Bila macho ya Mwanamvua, mtoto angeanguka. Bila moyo mgonjwa wa Ilunga, habari zisingefika. Bila tumbo la Pazi juu ya lile zege, mikono ya mama ingebaki mitupu. Lakini bila ndoo ya Pazi, pasingekuwa na hadithi. Naye Bibi Nakijwa hakumwokoa mtu, ila jina lilikuwa lake kabla ya nadhiri kutamkwa.

Haya, wenzangu, mchungaji amemshika mtoto mikononi na mikono inachoka. Je, ni nani aliyestahili jina? Mngekuwa ninyi ndio Namkunda, mngemwitaje?